Mtoto wa Tatu wa Sikitu

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Sijui kama huko uliko mnaitikia, lakini nikianza habari na mkubwa bila shikamoo najua utafufuka uje kunisuta. Kwa hiyo shikamoo, tena nimepiga magoti hapa kwenye nyasi kavu nyuma ya banda, ambako hakuna anayeniona isipokuwa kuku wa Desideri.

Jumapili ilikuwa misa yako ya mwaka wa pili. Tulikuja Kaengesa wote. Mama yangu alitoka Mwimbi na nusu gunia la maharage, kana kwamba marehemu wanakula, na baada ya misa tukasimama kaburini, kila mmoja akaambiwa aseme neno. Walikusifu sana. Walisema watoto waliozaliwa mikononi mwako pale zahanati ukiwapanga mstari watatoka kaburini hadi barabara kuu. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Asante kwa kunilea," nikanyamaza. Wakanishika mabega wakidhani kilio kimenizidi. Hakikuwa kilio. Nilikuwa na neno ambalo sikutaka walisikie wao kabla hujalisikia wewe.

Neno lenyewe ni hili: Sikitu amezaa tena, na mtoto sikumchukua.

Nakuona unavyovua miwani. Tulia kwanza. Ulizoea kuniambia, "Gau, wewe hadithi unaianzia mkiani," basi leo nitaianzia kichwani, hata yale unayoyajua kuliko mimi, maana nimegundua kwamba tuliyaona pamoja lakini hatukuyaelewa.

Unakumbuka mwaka waliokupunguza kazi. Serikali ilisema watumishi wamezidi, wewe ukarudi nyumbani na sanduku lako la ukunga na barua ya shukrani. Wakati huohuo watu wengine walikuwa wanaondoka chini wanapanda juu, na mmoja wao alikuwa Desideri. Biashara ilipofunguliwa alianza na mitumba, akaingia kwenye malori ya mahindi, halafu akapewa lile banda la ng'ombe wa maziwa la shirika lililokufa, kule kwenye mikaratusi unapotoka mjini. Watu walidhani atafuga nguruwe. Akaleta chatu, nyani wawili, mamba mmoja kwenye birika la saruji, akapaka ubao rangi nyekundu: BUSTANI YA WANYAMA. Sumbawanga nzima ilikwenda kumwangalia mamba asiyefanya lolote.

Halafu bwana wanyamapori akaleta Sikitu. Walimkamata Kipili, kwenye mashua iliyotoka ng'ambo ya ziwa, ndani ya tenga la dagaa, kiunoni amefungwa kamba iliyokwisha kumkata ngozi. Mtoto wa sokwe mtu, mdogo kuliko paka mzee. Kila mtu alijua kilichompata mama yake, maana mama sokwe hatoi mtoto akiwa hai. Bwana wanyamapori hakuwa na pa kumweka. Desideri alikuwa na pa kumweka lakini hakuwa na wa kumlea. Akaja kwako na kofia mkononi: "Mama Skola, wewe umelea yatima wa watu. Utashindwa huyu?"

Hukushindwa. Mimi nilikuwa nimemaliza la saba na sijachaguliwa popote, nikawa mchemsha chupa wako. Ulimbeba mgongoni kwa kanga, ukaenda naye sokoni, wauza dagaa wakakuuliza baba yake ni nani, ukawajibu, "Mmoja wenu, hebu mtazameni vizuri." Ulimpa uji wa ulezi kwa kijiko. Mwezi wa saba, baridi ya Ufipa inapomtoa mtu machozi, alilala kati yako na jiko la mkaa. Kidonda cha kiunoni kikapona, na nywele zikaota pale palipokuwa na kamba.

Na ulimfundisha kusalimia. "Mtoto asiyejua kusalimia ni mnyama," ulisema, "na huyu sitaki aitwe mnyama." Kuchutama, kuinamisha kichwa, kukusanya viganja na kupiga makofi yale ya taratibu, kama tunavyofanya sisi kwa wakubwa. Hakuna ndizi kabla ya makofi. Baada ya miezi michache alikuwa anamchutamia kila mtu. Walikuja watu wa mbali kuona sokwe anayesalimia Kifipa. Mzee mmoja alimwitikia kwa makofi, akamwuliza habari za nyumbani na za shamba, watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Wewe hukucheka. Ulisimama pembeni umejaa fahari, kama mama ambaye mwanawe amesoma somo kanisani.

Alipokua akahamia kizimbani, na Desideri akamleta Kamanda, yule dume aliyetoka kwa tajiri mmoja aliyechoka kumlisha. Wakazoeana. Mtoto wa kwanza akaja.

Asubuhi ile naiona mpaka leo. Tulimfungia Kamanda upande wake, tukafika kwenye wavu. Sikitu alikuwa amemlaza mtoto kwenye nyasi, amerudi nyuma hatua mbili, amechutama. Alikutazama wewe, akapiga makofi.

Ukanishika mkono. "Umeona, Gau? Anatukabidhi."

Na mimi niliona hivyohivyo. Tungeonaje vingine? Kwetu binti akizaa kifungua mimba, mtoto hupokewa na mikono ya wakubwa. Wanamwosha, wanamkanda, wanamkagua vidole, na mzazi anakaa chini anapiga makofi ya shukrani. Umeyapokea makofi hayo maelfu. Uliingia na taulo jeupe ukamchukua mtoto. Sikitu aliendelea kupiga makofi mpaka jua linazama. Ulisema, "Huyu ana adabu kuliko wakwe wengi ninaowajua." Tukacheka njia nzima.

Mtoto huyo alikuwa Tumaini. Sitasema mengi juu ya Tumaini, maana hata ulipokuwa hai hukutaka tumtaje. Alikula chupa, alilala kitandani kwako, alijua kufungua kopo la sukari na kulifunga tena ili usijue. Wageni walipiga naye picha, watoto wa shule walipanga foleni kumshika. Alipofika miaka mitatu Desideri akasema kuna bustani ya mbali inamtaka, huko atapata mke. Walimtia kwenye sanduku la mbao lenye matundu. Alitoa vidole kwenye matundu. Ulishika nguzo ya geti, ukarudi nyumbani ukalala siku tatu ukisema ni malaria. Nilikuchemshia mchaichai na nilijua kwamba si malaria.

Mtoto wa pili alikuwa jike. Sikitu alimlaza chini, akachutama, akapiga makofi, tukamchukua. Aliishi siku kumi na tisa. Bwana mifugo alisema ni mapafu, akasema sokwe huambukizwa mafua yetu, na kinachotupita sisi kwa kupiga chafya wao kinaweza kuwaua. Ulijilaumu mpaka ukakonda. Ulisema hukumfunika vizuri, ulisema jiko lilizimika alfajiri.

Mama Mkubwa, mimi ndiye niliyekuwa na mafua wiki ile. Nilificha kwa sababu ungenitoa chumbani, na mimi nilitaka kumshika. Nilimpa chupa huku nikivuta makamasi kimyakimya. Nilikuacha ujilaumu mpaka umekufa. Nimeandika sentensi hii mara tatu nikaikata, sasa naiacha. Nisamehe kwanza hilo, ndipo uendelee kusoma, maana mbele kuna kosa lako, na sitaki udhani nimekuja na la kwako tu.

Baada ya kukuzika nikabaki na funguo. Desideri hakuwa na mwingine ambaye Kamanda humruhusu kuingia bila kurushiwa mavi. Kila asubuhi niliwalisha, nikafagia, nikanunua kwa Mama Shija maziwa ya kumpa nyani mgonjwa. Huyu hukumjua. Ni Msukuma, familia yao walihamia na ng'ombe kutoka Shinyanga, sasa wana boma bondeni kule chini ya mikaratusi, na yeye huleta maziwa na mtoto mgongoni. Ana maneno machache na macho mengi.

Siku moja nilisimama naye kwenye wavu, nimeshika ndizi, tunapiga soga, nikasahau kutoa. Sikitu akachutama akapiga makofi. Mimi naongea tu. Akapiga tena, na tena. Mama Shija akauliza, "Huyu anataka nini?"

Nikamwambia kwa maringo kwamba hataki kitu, anasalimia, ndivyo tunavyosalimia sisi Wafipa.

Akacheka. "Salamu gani haiishi? Huyu anaomba. Mpe basi."

Nikampa ndizi. Makofi yakakatika palepale.

Nilisimama pale hata sikusikia alivyoniaga. Tangu akiwa na kidonda kiunoni tulimfundisha neno moja tu la makofi: chutama, piga, utapewa. Sisi tuliita salamu. Yeye angejuaje salamu? Kwa miaka yote hiyo hakupiga makofi akakosa, isipokuwa mara mbili. Mara mbili tulimchukulia mtoto mbele ya macho yake, akachutama, akaomba kwa adabu yote tuliyomfundisha, kutwa nzima, na mara ya pili siku nne, na sisi tukasimama upande wa pili wa wavu tunawaambia wageni, "Mnaona? Anawakaribisha."

Nililia siku hiyo, Mama Mkubwa. Nilikaa juu ya ndoo nikalia ambavyo sikulia hata kwenye msiba wako.

Utaniuliza, basi kwa nini alimlaza chini? Nimelifikiria sana hilo, na sina hakika. Bwana mifugo alinionya nisimvishe mnyama mawazo ya mtu, na ana haki. Lakini nadhani hakujua kwamba mtoto hubebwa kifuani. Nani alimwonyesha? Mama yake aliuawa akiwa hajajifunza. Yeye alibebwa kwa kanga, akanyonya chupa, akalala kando ya jiko. Yaliyo ya sokwe hakuwa nayo. Labda makofi yale ya kwanza kabisa, kabla hujaingia na taulo, alikuwa anatuomba tumsaidie. Na sisi tulikuja mbio, ila tulikuja na taulo.

Kilichonikosesha raha zaidi ni kumbukumbu yako pale zahanati. Nilikuwa nikikuletea chakula nakuona. Msichana akishindwa kunyonyesha, mtoto analia, mama analia, hukumchukua mtoto hata siku moja. Uliketi naye. Ulimwekea mkono chini ya mkono, ulimgusisha mtoto chuchu mdomoni mpaka afunue, ulisema, "Hatuna haraka, binti, hakuna aliyezaliwa anajua." Wewe uliyejua hilo kuliko yeyote Sumbawanga, ulilisahauje kwa Sikitu? Na mimi je?

Nimepata jibu moja tu, nalo halinipendezi. Tulimtaka mtoto. Desideri alimtaka kwa wageni wake, wewe ulimtaka kwa mikono yako iliyopunguzwa kazi, na mimi nilimtaka kwa sababu kila mtu alitabasamu nilipombeba. Hatukumdhuru kwa chuki, tulimpenda tu bila kumpa mama yake nafasi.

Ndipo Sikitu akashika mimba ya tatu.

Desideri alifurahi kabla tumbo halijaonekana vizuri. Alileta fundi akaandika kwenye ubao mpya, MTOTO WA SOKWE: MSHIKE MWENYEWE. Nilipomwambia kwamba safari hii mtoto abaki na mama yake, hakukasirika. Unamjua, si mtu mbaya, na maneno anayo. Alisema, "Gau, misitu ya ng'ambo inakwisha, huko kuna vita, watu wanakula hata sokwe. Hapa angalau wanazaliana. Watoto wa Sumbawanga watamwona wapi sokwe wakikua? Na yule mama yake si ndiye aliyewatupa wawili?"

Nilimfuata bwana mifugo nikamwuliza: wakizaliana hapa, watoto wao watarudi msituni lini? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo analolijua siku nyingi. Akasema hawatarudi. Hawajui msitu, hawajui matunda, wanamkimbilia mtu badala ya kumkimbia, na wanaweza kupeleka magonjwa yetu kwa wenzao. Basi nikaelewa. Tunasema wanazaliana ili wasiishe, kumbe tunawazalisha ili bustani isiishe. Sikitu aliletwa hapa kwa sababu mtu mwovu alimuua mama yake na hapakuwa na pengine; huo ulikuwa msaada, na sijutii hata kijiko kimoja cha ule uji. Lakini Tumaini hakuokolewa kutoka kokote. Tulimleta duniani sisi wenyewe, ndani ya wavu, halafu tukampakia sandukuni.

Alizaa asubuhi ya Jumanne, jike. Nilimkuta mtoto kwenye nyasi na Sikitu amechutama. Alinitazama, akapiga makofi.

Mama Mkubwa, mikono iliniwasha. Chupa nilikuwa nimeichemsha, sitaki kukudanganya. Ilikuwa mfukoni mwa koti langu, na taulo lilikuwa lilelile lako. Desideri alikuja akasimama nyuma yangu. Nikamwomba siku mbili. Akanipa mpaka kesho yake mchana. "Akifa huyu," alisema, "utakuwa umemuua wewe na utaalamu wako." Hakukosea, na mimi nilijua.

Nikamwita Mama Shija. Nilimweleza, akatikisa kichwa. Alisema kwao ng'ombe akimkataa ndama hawampeleki ndama kwa jirani, wanamfunga karibu na mama yake, wanampaka ndama chumvi ili mama amrambe, na wanasubiri. "Na huyu mmempaka nini?" akauliza. Hatukuwa tumempaka kitu. Akageuza ndoo, akaketi mbele ya wavu, akamtoa mwanawe mgongoni akamnyonyesha, mchana kweupe, huku anaimba taratibu. Sikitu alisogea. Aliweka uso kwenye wavu akatazama ziwa la Mama Shija kama mtu anayesoma. Akamwokota mtoto wake, akamshika kichwa chini miguu juu, akambandika miguu kifuani. Mama Shija alicheka mpaka mwanawe akaachia. Mimi sikucheka. Nilihesabu hilo kuwa tumaini.

Jumatano asubuhi kilio cha mtoto kilikuwa kimefifia. Alikuwa amelazwa chini tena. Mama Shija aliketi akanyonyesha, Sikitu akatazama, akapiga makofi, akanitazama mimi. Mchana ulikuwa haujafika, lakini kile kilio kilikuwa kinaniambia mtoto hataufikia. Nilifungua komeo nikaingia, na ninaapa kwako kwamba wakati navuka kizingiti sikujua kama ninakwenda kumchukua au la.

Nilimwokota. Alikuwa baridi. Sikitu akachutama akapiga makofi, na macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa kwa mtoto.

Nikaketi chini kando yake, mgongo ukutani, bega kwa bega, kama ulivyokuwa ukiketi na wale wasichana. Nikamwekea mtoto kifuani pake, kichwa juu. Nikachukua mkono wake, ule mkono mzito wenye nguvu za kunivunja, nikauweka chini ya mtoto na wangu chini ya wake. Nikamgusisha mtoto chuchu mdomoni. Hakufunua. Nikagusisha tena. Nikasikia sauti yangu inasema, "Hatuna haraka, hakuna aliyezaliwa anajua," na ilikuwa sauti yako kabisa, hata kile kikohozi chako kidogo katikati.

Akafunua. Akanyonya mara moja, akaachia, akanyonya tena. Sikitu alishtuka, nikadhani atamrusha. Akatazama chini. Tulikaa hivyo mpaka mguu wangu ukafa ganzi. Baadaye nikautoa mkono wangu polepole, na wake ukabaki.

Desideri alipokuja mchana alisimama kwenye wavu, akamwona mtoto ananyonya. Kisha akaenda zake. Ule ubao nao alituma ukashushwa, ingawa hajawahi kunitamkia kwamba nilikuwa sahihi, na sitegemei.

Sasa jambo la pili, na hapa fanya kabisa ishara ya msalaba. Nimemchoma Sikitu sindano ya uzazi wa mpango.

Ndiyo, ileile ya miezi mitatu, uliyokuwa ukiwatuma akina mama kwa mwenzako ili usiichome kwa mkono wako. Kumtenganisha na Kamanda nilijaribu. Waliitana kutwa kucha, hakula huyu wala yule, nikaona huo ni ukatili mwingine. Bwana mifugo akasoma vitabu vyake, akasema sindano inafaa, ila yeye hanayo, yeye ana za ng'ombe. Nikaenda kliniki na barua yake. Nesi akaniuliza jina la mteja. Nikamwambia Sikitu. Umri? Kumi na tano. Akanitolea macho akaanza kunihubiria juu ya kuharibu watoto wa shule, mpaka nilipomsomea barua. Kliniki nzima ilicheka, na mimi nikacheka, na wewe ungejifanya umekasirika halafu ungecheka jikoni peke yako.

Desideri aliniambia, "Gaudensia, unaiua bustani yangu." Nikamjibu ndiyo, ninaiua, lakini taratibu, kwa uzee. Waliomo wale, wapone, wazeeke, na asizaliwe mwingine. Mwisho akakubali. Nadhani kilichomlainisha si hoja yangu, ni kwamba na yeye amezeeka na wanawe wako Dar hawautaki hata huo mzigo wa mamba.

Baada ya misa Jumapili nilimvuta mama yangu pembeni. Unajua nilichotaka kumwuliza. Hata wewe hukuwahi kuniambia. Hukujaliwa mtoto, na yeye alikuwa nao watano, na mimi nilikuja kwako nikiwa bado nanyonya. Nilimwuliza kama alinitoa au nilichukuliwa. Alikaa kwenye mawe ya kaburi la jirani yako, akafuta miguu vumbi. Akasema, "Dada aliniuliza. Alikuja mara tatu, mara mbili nikakataa akaenda zake bila neno. Mara ya tatu nikasema ndiyo. Nililia mwaka mzima, lakini aliniuliza, na kila nilipotaka kukuona nilikuona."

Nimefurahi kulijua hilo kuliko ninavyoweza kuandika. Ulinilea kwa haki, Mama Mkubwa. Nataka ulale ukilijua. Ila kuna mmoja tuliyemchukulia bila kumwuliza, na hatukuwa hata na lugha ya kumwulizia, maana lugha aliyokuwa nayo tulimpa sisi tukaisahau maana yake.

Mtoto ana miezi minne. Anapanda kichwani kwa mama yake, anavuta sikio la Kamanda. Hakuna anayemshika, hata mimi. Nikiwa na mafua simkaribii kabisa; natuma chakula kwa Mama Shija. Na bado sina amani kamili, maana ninajua hesabu yake. Sokwe huishi sana. Kamanda atatangulia, kisha Sikitu, na huyu mdogo, kwa sababu ya sindano yangu, hatakuwa na mdogo wake. Iko siku anaweza kubaki peke yake ndani ya wavu ule, asiye na wa kumchokonoa chawa. Niliwaza jambo hili kaburini kwako wakati wanaimba.

Basi sikia ahadi yangu, halafu nikuache upumzike, maana zamu yako uliimaliza na ulikuwa umechoka. Nitaandika barua kila niwapo na nguvu, kwa kila anayetunza sokwe kwa heshima, mpaka nimpatie wenzake kabla hajabaki peke yake, na siku ya kuondoka ataondoka na mama yake. Nikishindwa, nitazeeka naye hapahapa, nikae upande huu wa wavu kila siku. Lakini hata akilia upweke, na mimi niko hapo namsikia, sitamzalishia mtoto wa kunituliza mimi.

Mwanao,
Gaudensia